Shingo ya Nyaguthii

Kwa Mama Nyaguthii mtoto alipokelewa kwa shingo. Ukifika mlangoni kwake pale mtaa wa Langas, ukungu wa asubuhi bado umelalia mabati, hakukuuliza mtoto ameamkaje wala amekula nini. Alimchukua mikononi mwako, akamlaza paji la uso chini ya kidevu chake, akafumba macho kama mtu anayesikiliza. Akisema, "Huyu ako sawa," ulikwenda zako kazini. Akisema, "Huyu ako na moto, rudi na yeye," ulirudi naye, hata ungekuwa mke wa nani. Watoto wote aliowalea walilala chumba kimoja, wawili wawili kwa godoro, na homa ya mmoja ilikuwa homa ya nyumba nzima.

Obiero wangu alilala na Nanzala wa Hulda. Sisi wenyewe ndio tuliomwomba awalaze hivyo, maana tulikuwa chanda na pete. Kiwandani tulisimamia mashine za uzi zilizopakana, na tulikuwa na agano letu: mtoto wa mmoja akiugua, mama yake abaki nyumbani, na mwenzake azishike mashine zote mbili mpaka jioni, msimamizi asipate la kusema. Nilizishika Nanzala alipoharisha, nikarudi nyumbani mgongo si wangu tena. Hulda naye alizishika Obiero alipobanwa na kifua. Hakuna aliyemnung'unikia mwenzake.

Ilikuwa ile miaka ya beji za chama kifuani, miaka ambayo mtu aliangalia nyuma kabla ya kucheka. Tulitangaziwa mgeni mkubwa kutoka Nairobi, na kwaya ya wafanyakazi ikaambiwa iandae wimbo wa kumpokea. Hulda ndiye aliyeuanzisha. Alikuwa na sauti ya kusimamisha watu njiani, sikatai. Mimi niliimba sauti ya pili, chini yake, peke yangu. Mwalimu wa kwaya alisema kuwa bila mimi Hulda angesikika kama mtu anayeita ng'ombe, na Hulda alicheka mpaka akajifuta macho.

Asubuhi ya mgeni tulifika kwa Nyaguthii pamoja, na ile baridi ya Julai ya Eldoret inayouma masikio. Obiero nilikuwa nimemfunika gubigubi. Nanzala alikuwa kichwa wazi, miguu wazi. Nikadhani ni haraka ya siku yenyewe. Nyaguthii alimweka shingoni, akakawia.

"Mbona kola imelowa?"

"Ni maji ya kunawa, Mama. Amepiga karai teke," Hulda akasema.

Nikacheka, kwa sababu mateke ya Nanzala nilikuwa nayajua. Nyaguthii akafumba macho tena, akafumbua. "Ako sawa," akasema, akamlaza kando ya mwanangu.

Tukaimba. Tuliimba vizuri, hata leo nasema. Mgeni alisimama, akapiga makofi, akamwita Hulda mbele akampa mkono, na watu wa redio wakatuomba turudie wimbo ili waurekodi. Tukarudia. Nilimtazama rafiki yangu pale mbele nikaona fahari kana kwamba mkono ule nilipewa mimi.

Jioni tulimkuta Nyaguthii nje, Obiero mgongoni mwake. Nanzala alikuwa ndani, peke yake, tukisikia kikohozi chake.

"Kufika mchana alikuwa anachemka," akasema, akimwangalia Hulda. "Nikamvua sweta. Angalia vipele nyuma ya masikio yake. Hiyo ni surua."

Obiero alikuwa hajafikisha umri wa sindano ya surua, na asubuhi nzima walikuwa wamelala uso kwa uso, wakipokezana kijiko kimoja. Nikamgeukia Hulda ili tulie pamoja. Hakuwa ameshtuka. Alikuwa ameshaanza kumfunga mtoto wake mgongoni, na hapo ndipo nilipoelewa.

Tulipofika njiani nikamuuliza.

"Ulijua?"

"Alianza jana jioni. Nikampa dawa, na asubuhi nikamwosha na maji baridi." Alisema akiangalia mbele.

"Si ungeniambia hata mimi?"

"Ningekuambia, ungebaki nyumbani na Obiero," akasema. "Na sauti ya pili ingeimbwa na nani?"

Jibu hilo nimelibeba hadi leo. Angesema aliogopa kufutwa kazi, ningemwelewa, kwa maana nani hakuogopa siku zile? Angesema hakujua ni surua, ningejilazimisha kumwamini. Lakini Hulda alinifikiria. Alikaa akapima mtoto wangu kwa upande mmoja na wimbo kwa upande wa pili, kisha asubuhi ile akatembea nami njia nzima akiniuliza kama sare yangu imenikaa vizuri. Nilimchukia, na chuki hiyo ilinichoma zaidi kwa kuwa nilikuwa bado nampenda.

Nanzala akapona upesi. Obiero akaanza kuchemka wiki ya pili. Majirani walinikataza kumpeleka hospitali, wakidai kwamba sindano huirudisha surua ndani, nikampeleka. Macho yake yakapona, kifua kikapona. Masikio yalitoa usaha kwa muda mrefu, halafu yakakauka, nikamshukuru Mungu. Mpaka siku niliyoangusha sufuria nyuma yake, kishindo kikajaa nyumba, naye akaendelea kuchezea kifuniko chake bila kugeuka.

Hulda aliniletea ndizi. Nikaziacha hapo mlangoni mpaka zikaoza. Baadaye alifanywa msimamizi, akahamia mtaa wa Pioneer, na tukikutana sokoni mmoja wetu alivuka barabara. Nyaguthii hakuiamini tena shingo yake. Alianza kuwavua watoto sweta hapo mlangoni, iwe baridi, isiwe baridi, na hakumwomba mama yeyote radhi.

Obiero alipokuwa mkubwa wa kwenda shule alipenda redio. Alikuwa akiweka kiganja juu yake na kukaa hivyo kwa muda mrefu, ametulia. Sikukuu moja ya taifa nilikuwa nakoroga uji wakati wimbo wetu ulipoanza. Niliijua ile sauti kabla ya neno la kwanza kwisha. Nikauacha mwiko, nikanyoosha mkono niizime.

Obiero alikuwa anatabasamu. Sauti ya Hulda ilipopanda, macho yake yalipanuka, akanishika mkono, akauweka juu ya redio kando ya wake ili nami nisikie. Mbao za redio zilikuwa zinatetemeka. Niliitafuta sauti yangu pale chini ya kiganja, lakini sikuweza kuitenga na ya Hulda.