Hodhi la Shangazi Erina

Fundi Marino alilizunguka hodhi la kuogea, akaligonga ubavuni kwa nyundo, akacheka. Alikuwa amekulia katika kambi ya wakimbizi Adjumani, Uganda, na Kiswahili chake hakikuwa na haya hata kidogo.

"Mama, hii kitu iliingia hapa namna gani? Mlango iko dogo, yenyewe iko kubwa. Haiwezi toka mzima. Sisi tutavunja tu."

"Vunja," Keji alisema.

Angeweza kumjibu, maana habari za hodhi lile alizijua tangu utotoni. Marehemu baba yake, msimamizi wa mafundi wa serikali, alilipata katika miaka ya amani ya kwanza, kati ya vita viwili, nyumba za wakubwa zilipokuwa zikikarabatiwa na vitu vya Waingereza vikitupwa nje. Alilileta hapa Malakia, mjini Juba, kwa mkokoteni, akalitua kiwanjani, ndipo akajenga bafu kulizunguka. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Mzee hakujali. Alipenda kujitia ubwana kidogo pale alipoweza, Mungu amrehemu, na kila Jumamosi alijilaza humo akiimba nyimbo za kanisani hadi maji yapoe.

Tangu Keji arudi kutoka Uganda, hakumwona mtu akioga humo. Shangazi Erina ndiye aliyelitawala hodhi. Kila jioni Jubek mwuza maji alifika na baiskeli yake yenye madumu, na kila jioni shangazi aliongeza maji hadi ukingoni. Ndani yake aliloweka magauni yake mawili makuukuu, yaleyale siku zote, ambayo hayakuwahi kuanikwa kwenye kamba. Ukimwuliza, alijibu kwamba maji ya mji huu hayaaminiki, basi, akakupa kisogo. Viluwiluwi vya mbu vilichezacheza kati ya magauni yale, na Juliet, binti mdogo wa Keji, hakuwahi kumaliza kuugua malaria moja kabla ya kuingia nyingine.

Lakini tusidanganyane. Malaria ilikuwa kisingizio tu. Keji alikuwa na ahadi aliyompa mama yake.

Vita vilipomkimbiza mama yao kwenda Uganda, alibeba watoto wawili wadogo, Keji na Pitia. Kifungua mimba wake, Lokosang, alibaki Juba kwa shangazi ili amalize shule. Kisha ukaja mwaka wa tisini na mbili. Mapigano yaliingia mjini, na yalipotulia askari wakaanza kupita nyumba kwa nyumba wakizoa vijana. Kule kambini Koboko mama hakupata usingizi. Kulikuwa na katekista mmoja aliyejua kupenya porini, na mama alimpa kitambaa chake cha kutarizi ili Lokosang akikiona aamini ujumbe: toka huko, njoo kwangu, usingoje. Keji alikuwa amesimama hapohapo kitambaa kilipobadili mikono. Katekista aliporudi alisema kijana hakumwona, kitambaa alikiacha mikononi mwa Erina. Baadaye zikaja habari kwamba Lokosang amekamatwa na askari. Tangu hapo hakuonekana tena, wala hai wala maiti.

Mama alijipigia hesabu yake. Erina alificha kitambaa. Erina, tasa, mjane, alitaka mtoto wa mwenzake abaki kumtekea maji, hadi askari wakamkuta nyumbani kwake. Chuki hiyo mama aliilea kwa miaka, akaisimulia jikoni, akaiombea kanisani. Amani iliposainiwa alikuwa taabani kitandani, na neno lake la mwisho la maana lilikuwa hili: "Nyumba ya baba yenu, Erina asifie humo." Keji na Pitia waliitikia.

Basi wakapanga. Bafu litengenezwe upya, vigae vyeupe na bomba la mvua, halafu shangazi ahamishiwe mtaa wa Lemon Gaba, kwenye chumba cha uani kwa Pitia. Shangazi alipoambiwa hakubisha. Aliomba jambo moja tu. "Hodhi mlivunje nikishaondoka."

Keji aliona hiyo ni hila ya kikongwe. Leo atasema mgongo, kesho mvua, na hodhi litabaki pale. Kwa hiyo alimwita fundi asubuhi ileile ambayo Pitia angekuja na gari. Alifanya makusudi. Alitaka shangazi akae uani na mfuko wake miguuni, asikie nyundo, ajue kwamba yamekwisha.

Maji yalimwagwa. Magauni mawili yalirushwa uani, yakaanguka kwenye vumbi. Shangazi Erina aliyatazama kutoka kwenye kigoda chake kando ya ukuta wa jikoni. Nyundo kubwa ilipoanza kupiga chuma, Keji alimwona akifumba macho kila pigo lilipotua. Alijaribu kufurahi. Hakuweza, akadhani ni makelele yanamuumiza kichwa.

Chini, hodhi lilikuwa limezungushiwa ukuta mfupi wa matofali uliopigwa plasta. Marino alipofika upande wa mwisho, uliokuwa umezibwa siku zote na pipa la maji, nyundo ilimponyoka kidogo. Matofali ya upande ule hayakuwa na saruji. Yalikuwa yamepangwa tu na kuzibwa kwa udongo, na yalianguka ndani yenyewe.

"Mama," aliita, na safari hii hakucheka. "Kuja uone. Hapa mtu alikuwa analala."

Keji alipiga magoti. Chini ya hodhi sakafu ilikuwa imechimbwa, shimo refu la kumtosha mtu mwembamba kulala chali. Palikuwa na mkeka uliooza, kikombe cha bati, na kiroba cha nailoni kilichofungwa vizuri. Ndani ya kiroba mlikuwa na kaptula ya kaki ya shule, pindo lake limechomolewa nyuzi, na kitambaa kimekunjwa. Alikikunjua.

Kilikuwa kitambaa cha mama. Ndege wawili, mmoja mwekundu na mmoja kijani, wakitazamana juu ya ua. Ndege wa kijani hakuwa na jicho, kwa sababu uzi ulimwishia mama siku alipokuwa akitarizi, na hakupata mwingine. Lokosang alikuwa akimtania kila siku. "Mama, ndege wako kipofu atapata wapi chakula?" Mama alikuwa akimrushia chochote kilichokuwa karibu, wote wakacheka. Kitambaa kilipotoka Koboko, Keji alikumbuka vizuri, ndege yule alikuwa bado kipofu.

Sasa alikuwa na jicho. Lilitariziwa ovyo, kubwa mno, kwa uzi wa kaki.

Keji alibaki amepiga magoti kwenye matope. Alimwona kaka yake amelala gizani chini ya maji, sindano mkononi, akisubiri mwanga kidogo upenye kwenye ufa wa matofali, akimpa ndege wa mama yake jicho. Kitambaa kilimfikia. Alikaa nacho. Erina hakuficha kitambaa. Erina alimficha Lokosang.

Alitoka uani amekishika kwa mikono miwili.

"Amti," alisema, kama watoto wa Juba wanavyomwita shangazi. Walizungumza Kiarabu cha Juba, lugha ambayo Keji aliirudia kwa shida ukubwani. "Amti, ulimpa."

Shangazi alikitazama kitambaa, kisha akatazama pembeni. "Nilikwambia ungoje niondoke."

"Kwa nini hukusema?"

"Sogea kwenye kivuli, utaumwa kichwa."

"Amti!"

Shangazi akashusha pumzi. Aliongea polepole, bila kumtazama. Nyumba ilikaguliwa mara nyingi, alisema. Kila walipokuja askari walikuta hodhi limejaa maji na magauni ya mwanamke yakielea, na hakuna mwanamume aliyetaka kutia mkono humo. Lokosang alikuwa chini, anasikia buti zao. Angeweza kukaa hata mwaka. Halafu akaja katekista na kitambaa.

"Nilifikiri nikifiche. Kweli, nilifikiri. Nilikilalia usiku mmoja. Lakini mtoto si wangu, na mama yake anamwita. Nikampa. Nikamwomba asubiri kwanza ukaguzi upoe. Akasubiri kidogo, akashona lile jicho. Asubuhi moja akasema, 'Amti, mama amesema nisingoje.' Akakiacha kitambaa, akasema akikutwa nacho njiani watamuuliza maswali. Walimshika kabla hajavuka kizuizi cha mwisho."

Keji alikaa chini, hapohapo kwenye vumbi, karibu na magauni.

"Mama alikutukana mpaka anakufa."

"Najua. Watu walikuwa wanafika, wananieleza." Shangazi alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa imelowa. "Ningempelekea habari gani, ya biti, binti yangu? Kwamba mwanao alikuwa salama, ukamwita wewe? Angenywa maji vipi siku hiyo? Na nyinyi mlikuwa wadogo, mlihitaji mama anayesimama. Kunichukia kulimsimamisha. Khalas, basi anichukie."

Keji alilia kwa sauti, kama mtoto, bila kujali fundi aliyekuwa amesimama mlangoni na nyundo yake. Aliona haya hadi kwenye mifupa. Alimshika shangazi miguu, akamwambia haendi popote, chumba ni chake, nyumba ni yake, atamwambia Pitia kila kitu.

"Pitia usimwambie. Wewe una moyo mgumu, utalibeba. Yule hana kitu kingine ila mama yake." Kisha akaelekeza kidevu bafuni. "Na mimi nikae hapa nifanye nini? Nilikuwa nalijaza maji kwa ajili yake. Akirudi, nilisema, akute mahali pake pako tayari, maana hajui kama vita vimekwisha. Najua ni upuuzi. Kila jioni nilijua ni upuuzi. Sasa nimngojee wapi?"

Keji aligeuka kutazama bafuni. Vipande vya chuma vilikuwa vimelundikwa mlangoni, weupe upande mmoja na kutu upande wa pili.

Pitia alifika adhuhuri na gari la shirika alilokuwa akiliendesha. Alikuwa na furaha yake, kijana mnene kidogo, picha ya marehemu mama yake ameibandika mbele ya usukani. "Kumbe kazi imeanza! Leo nyumba ya baba itapumua," alisema, akaunyanyua mfuko wa shangazi bila kumsalimu.

"Uweke chini," Keji alisema. Ombi la shangazi la kunyamaza lilimshinda kabla halijatimiza hata saa moja. Alimwonyesha shimo, alimwonyesha kaptula, alimwambia yote kwa mkupuo mmoja, mbio, akiogopa shangazi asimkatize. Shangazi hakumkatiza.

Rangi ilimtoka Pitia usoni. Alimgeukia shangazi, na sauti aliyoitoa haikuwa ya mwanamume mwenye gari. "Mama ndiye aliyemtoa? Ni mama?"

Shangazi Erina alimtazama vile mtu anavyomtazama mtoto aliyeamka na homa.

"Hapana," alisema. "Dada yako ana huruma, ananitetea tu. Kitambaa nilikificha. Niliogopa kubaki peke yangu. Mama yako alisema kweli."

"Muongo!" Keji alipiga kelele. "Pitia, tazama jicho! Tazama jicho la ndege!"

"Jicho gani?" Pitia aliuliza. Alikigeuza kitambaa huku na huku, asione kitu, kwa kuwa alikuwa mdogo mno siku zile kukumbuka kwamba ndege alikuwa kipofu. Pumzi zilimrudi. Rangi ilimrudi. Alimwekea dada yake mkono begani, akamwambia kwa upole kwamba amechoka, apumzike, kisha akautupa mfuko nyuma ya gari. Shangazi alipanda mwenyewe. Alipofunga mlango alimtazama Keji mara moja tu, akatikisa kichwa: inatosha.

Gari liliondoka. Marino alikusanya vifaa vyake, akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho ataleta vigae.

Jioni Jubek alifika na baiskeli yake, madumu yamejaa, kama jioni zote. "Mama mzee iko wapi?"

"Ametoka. Leta maji."

Alijaza mtungi, ndoo, masufuria, hata beseni la Juliet. Likabaki dumu moja. Jubek alisimama nalo mlangoni mwa bafu, akalitazama lile shimo na vile vipande vya hodhi, akauliza amwage wapi.

Keji alitoka uani. Aliyaokota yale magauni mawili kwenye vumbi, akayakung'uta, akaburuta karai kuukuu la kuchanganyia saruji hadi pale lilipokuwa hodhi.

"Humu," alimwambia. Maji yalipojaa, aliyatumbukiza magauni, akayakandamiza kwa mikono miwili hadi yakalowa.