Ghadhabu Ndani ya Mahindi

Ko. Ko. Ko.

Kengele ya mti, ile wafugaji Waorma wanayowafunga ng'ombe shingoni. Nilikuwa bado kitandani. Sauti haikuwa inapita. Ilikuwa imesimama mahali pamoja, na mahali penyewe ni shamba letu.

Nilitoka mbio bila shati. Ng'ombe kumi na kitu wamezama katika mahindi ya mama, na Dadacha, niliyesoma naye Garsen, anawafukuza kwa fimbo.

"Samahani, Zachary. Hii ni malka. Ng'ombe inajua njia ya maji tu."

"Njia gani? Wewe unaona njia hapa, au unaona mahindi?"

Sikungoja jibu. Nilichomoa simu. Ushairi sikufundishwa na mtu, na Idsowe nzima inazijua beti zangu. Nikituma kwenye kundi la vijana asubuhi, mchana zinaimbwa. Nikaandika:

*Ghadhabu imenishika, damu yangu yachemka,*
*Simameni wa Idsowe, panga zenu kuzishika.*

Nilijua wangesimama. Ndiyo maana niliandika.

Mama yangu, Asenath, alifika na jembe. "Nisomee."

Nikasoma, kwa sauti, Dadacha asikie.

"Hasira ningeelewa," mama akasema. "Hata mimi ninayo, mahindi ni yangu. Lakini ghadhabu? Mimi hiyo naisikia kanisani, ni ya Mungu. Inamaliza mji mzima, pamoja na watoto waliolala. Ndiyo uliyo nayo wewe, uliyeshindwa hata kuvaa shati?"

Dadacha akacheka. Nilitamani kumrukia.

"Hasira ni neno jepesi, mama. Halitoshi."

"Haya, tumia hilo zito. Na uandike pia ni nani aliyepanda hapa."

Aliyepanda ni mimi. Mafuriko yalipoondoka, yaliuchukua ua wa miiba ulioonyesha mpaka wa malka, njia ya mifugo kwenda mtoni. Kila baada ya mafuriko sisi na wao huipima njia upya, pamoja. Mama aliniambia nisubiri. Lakini tope lilikuwa jeusi, limenona, na mimi si mtu wa kusubiri. Nilipanda hadi ukingoni mwa mto. Mistari saba ya mahindi, yote ndani ya njia yao.

Kidole kilikuwa bado juu ya kitufe cha kutuma. Nyuma ya migunga kengele nyingine zilikuwa zinakuja kunywa maji, na nyuma yake nyingine.

Nilifuta. Iliniuma, sitadanganya; ule ulikuwa ubeti mzuri.

"Dadacha!" nikaita, kwa ukali kuliko nilivyotaka. "Leo wazungushie kule juu. Kesho, kabla kengele yako haijalia hapa, mistari yote saba nitakuwa nimeing'oa, kwa mikono yangu hii. Na umlete baba yako tupime. Nimesema mbele ya mama yangu."