Maneno Yaliyotoka Kabatini

Fundi cherehani alikata vifuniko vya maboksi, akaandika neno moja moja kwa wino mweusi, akayabandika chumbani: mlango kwenye mlango, kiti kwenye kiti, ndoo kwenye ndoo. Kila jioni kabla ya kula, binti yake wa darasa la kwanza aliyasoma kwa kuyatupia jicho tu, bila kukokota silabi. Shuleni kwao, mtoto aliyeshindwa kusoma kitabu cha shule kwenye mtihani alirudia darasa. Vitabu vyenyewe vilifungiwa kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, watoto wasije wakavichafua. Sasa hiyo ni shule au ghala?

Kazi ilikuwa kwenye maneno madogo. “Lakini” utalibandika wapi? “Kwa” halina pa kukaa, wala “bado”, wala “yule”. Fundi alizunguka chumba na gundi mkononi mpaka maji ya chai yakakaukia jikoni.

Jioni hiyohiyo “lakini” liliingia dirishani, likatua ukutani juu ya cherehani. Lilikuwa la herufi za chapa, na lilinuka dawa ya nondo ya kabatini. Nyuma yake likaja “bado”, kisha “yule” na “kwa” yakiwa yameongozana.

“Mama, wageni,” mtoto alisema.

“Wakaribishe,” mama alijibu, pini zikiwa mdomoni.

Mtoto akayasoma. Kesho yake yakaja mengine, na mengine tena, hata jirani akalalamika kwamba yanakatiza kwake bila hodi. Ukuta ulipojaa, mtoto alikuwa anausoma wote huku akichana nywele.

Siku ya mtihani kabati lilifunguliwa. Mwalimu mkuu alimfungulia mtoto ukurasa wa kwanza. Ulikuwa mweupe.

“Soma.”

“Hamna kitu, mwalimu.”

Akafunua wa pili. Nao ulikuwa mweupe.

“Hamna kitu.”

Mwalimu mkuu akaandika kwamba mtoto hajui kusoma. Darasa zima aliliandikia hivyohivyo, kwa mwandiko mzuri.

Fundi hakulia. Alikasirika, na alikuwa na kila haki ya kukasirika. Alimfuata mwalimu mkuu ofisini, akaja naye mpaka nyumbani. Mtoto alisimama mbele ya ukuta akasoma kuanzia sakafuni hadi darini. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

“Anasoma vizuri sana,” alisema. “Hongera, mama.”

“Basi mpandishe darasa.”

“Matokeo yameshapelekwa. Maji yakimwagika hayazoleki.”

Kisha akaomba boksi, akayazoa maneno yote ukutani, maana yalikuwa mali ya shule. Yalikwenda kwa upole, isipokuwa “lakini”, lililong'ang'ania mpaka akalibandua kwa ukucha. Kabati likaongezwa kufuli la pili.

Wakaguzi walipokuja walivisifu vile vitabu. Ungedhani vimetoka dukani asubuhi ile. Watoto walinawishwa mikono, wakapangwa mstari wapigwe picha, kila mmoja na kitabu chake. Binti wa fundi alisimama mbele, na darasa la kwanza, kwa mwaka wa pili. Aliambiwa akishike kwa mikono miwili, atabasamu, na asikifungue.