Maneno Yaliyofanana

Mpaka mwaka 2013 nilikuwa nimepeleleza wachumba kumi na tisa wa ukoo wetu, na nilikuwa nimechoka. Magoti yamechoka, na roho pia. Binti wa kwetu akiposwa, wazee wananitazama mimi, Loisi, shangazi mkubwa. Nafunga mzigo wangu na kwenda kijijini kwa mwanamume kuuliza: ni watu wa namna gani, wana magonjwa gani, wanapiga wake zao? Nikirudi, neno langu ndilo linaloamua. Hakuna anayekwenda kuuliza tena nyuma yangu.

Kazi hii ina ufundi wake, msidhani ni umbea. Rafiki wa familia humuulizi, atasifu tu. Adui humuulizi, ataponda tu. Unamtafuta aliyewahi kugombana nao kisha wakapatana. Unakwenda kwenye mashine ya kusaga, ambako wanawake wanangoja zamu na hawana la kufanya ila kusema. Na binti mwenyewe humsikilizi kabisa. Binti akishapenda, hana macho. Nilikuwa nalisema hilo kila kikao, na wazee walikuwa wanakubali.

Safari hii aliyeposwa alikuwa Felista, binti wa kaka yangu Ezron. Mposaji aliitwa Boazi Simbeye, mtu wa Nakonde, hapo ng'ambo ya mpaka wa Zambia, ila wazazi wake walihamia Kitwe zamani, mbali kabisa. Kitwe sina mtu, sina pasi ya kusafiria, na hayo magoti nimeshayataja. Washenga walikuwa wanakuja Jumapili kuchukua jibu. Felista alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, miaka thelathini na sita, na kijiji chetu kizima cha Igamba kilijua kwamba tukimkataa huyu, hatakuja mwingine.

Ijumaa kaka akaja kwangu ameshika simu ya mwimbishaji wa kwaya. Kwenye kioo palikuwa na habari kwamba Boazi Simbeye, mkazi wa mpakani, alitoroka na lori la sukari la tajiri wake, akaacha mke na watoto.

"Sasa hapo kuna nini tena cha kuuliza?" akasema Ezron.

"Kaandika nani?"

"Iko kwenye intaneti."

"Intaneti ni mtu wa wapi?"

Alikasirika. Akasema mwimbishaji ameiona habari hiyo sehemu tano, siyo moja. Sehemu tano ni nyingi. Mimi mwenyewe huwa natosheka na mashahidi watatu. Lakini sikuwa tayari kutoa jibu langu la mwisho kwa kuazima simu ya mtu, nikasema kesho nakwenda Tunduma kuangalia mwenyewe.

Felista alinisindikiza. Kuanzia Mpemba malori yalikuwa yamepanga foleni kungoja kuvuka, na vumbi lake tulilila mpaka mjini. Tukaingia kwenye chumba cha intaneti cha mwanamke mmoja, Tabita, tukakuta umeme umekatika. Tulikaa kwenye benchi saa mbili nzima. Nilisinzia, nikaamka, nikasinzia tena. Kila mteja aliyechungulia, Tabita alimwambia angoje. Wazambia aliwaamkia kwa Kibemba, "Mulishani," nao walijibu na kuondoka.

Umeme uliporudi nilimweleza shida yetu. Akaandika jina.

"Mama, majibu ni elfu kumi na mbili."

"Elfu kumi na mbili juu ya Boazi?"

"Juu ya kila Boazi na kila Simbeye. Akina Simbeye si mnawajua walivyo wengi. Ngoja niyafunge majina mawili pamoja, halafu tuongeze neno sukari."

Aliweka alama za nukuu mwanzo na mwisho wa jina, akabofya. Yakabaki machache. Na kweli, habari ya lori ilikuwepo, mara tano, kwenye kurasa tano zenye rangi tofauti na picha tofauti. Felista aliiangalia mikono yake. Nilimwonea huruma, lakini moyoni nilishaanza kupanga jinsi ya kumwambia kaka.

"Zote tano zinasema hivyohivyo?" nikauliza.

"Hivyohivyo, mama. Neno kwa neno."

"Basi ni kweli."

Tabita akanigeukia. Alikuwa na uso wa mtu anayeeleza jambo lilelile kila siku. "Hapana, mama. Hapo ndipo pa kushtuka. Watu watano wakiona ajali moja, huyu atasema gari lilikuwa jeupe, yule atasema dereva alikuwa mnene. Hawawezi kusema maneno yaleyale. Wakisema yaleyale, hawakuona. Wamenakili."

Akachukua sentensi moja ya ile habari, akaifunga kwa zile alama zake, akaitafuta yenyewe. Ikatokea kwenye kurasa zote tano. Akatuonyesha tarehe: hii imewekwa mwaka jana, hii mwaka juzi. Alirudi nyuma mpaka kwa aliyeiweka wa kwanza, ambaye chini kabisa alikuwa ameandika kwamba habari ameitoa kwenye gazeti moja la Zambia. Tukalitafuta gazeti. Mtandao ulikuwa wa kusuasua, ukurasa ulifunguka mstari kwa mstari, nami nilikaa nimekodoa macho kama naelewa. Habari ilikuwa ya Kiingereza. Felista ndiye aliyeisoma, kwa sauti ya darasani isiyo na furaha wala huzuni.

Mwizi wa lori alikuwa Boazi Simbeye wa mji wa Isoka, umri miaka hamsini na moja. Gazeti lilikuwa la mwaka 2004. Boazi wetu alikuwa na thelathini na nane siku ile. Wale walionakili walikuwa wameuacha umri, wakaiacha Isoka, na mmoja wao akaongeza "mkazi wa mpakani" kutoka kichwani mwake.

"Siyo yeye," akasema Tabita. "Ila msiseme nimewaambia ni mtu mwema. Nimewaambia tu huyu siyo yeye."

Nilipaswa kushukuru, nikashindwa. Nilikuwa nasikia yale maneno, neno kwa neno, na nilikuwa naiona Kamsamba.

Mwaka 2001 Felista alikuwa anafundisha Kamsamba, kule bondeni kwenye joto. Kijana mmoja aliyeitwa Sadock, mtoto wa wafugaji waliohamia kule na ng'ombe wao, alimposa. Nilishuka kupeleleza. Nilikaa siku tatu, nikauliza wanawake watatu: mmoja kwenye mashine ya mpunga, mmoja kisimani, mmoja kanisani. Wote watatu waliniambia: ukoo ule una kifafa, dada yake Sadock alianguka motoni siku ya mnada. Mmoja baada ya mwingine, alianguka motoni siku ya mnada. Na mimi nilifurahi! Nilifurahi kwa sababu maneno yalifanana. Nikarudi Igamba nikawaambia wazee mashahidi watatu, hawajapishana hata neno. Sadock akakataliwa siku hiyohiyo.

Tulitoka kwa Tabita tukaingia mgahawani. Chai ililetwa na maandazi, na hakuna aliyeyagusa. Nikaona nisiposema hapo sitasema tena.

"Felista, mwanangu. Habari za Sadock. Mwaka ule sikusikia watu watatu. Nadhani nilisikia mtu mmoja, wengine wakarudia."

Hakushtuka. Alikoroga chai ambayo hakuwa ametia sukari.

"Alikuwa mama yake wa kambo," akasema. "Alikuwa anataka kijana aoe kwa ndugu zake. Aliyaeneza hayo kijiji kizima."

"Na dada yake?"

"Kifafa hana. Aliteleza na sufuria ya uji, akaangukia jiko. Nilikuwepo, shangazi. Nilikuwa nakula kwao kila Jumamosi miaka miwili. Kile kidonda nilikiosha mimi kwa mikono yangu."

"Kwa nini hukusema?"

Akaniangalia kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilisema. Nilimwambia baba. Baba akasema shangazi amekataza binti asisikilizwe."

Nililia pale mgahawani, mtu mzima na kanga zangu, madereva wa malori wakinitazama. Uchungu wangu haukuwa wa kudanganywa, maana kudanganywa ni kwa kila mtu. Nililia kwa sababu nilitembea siku tatu kwenye jua nikitafuta mtu aliyeona kwa macho, na mtu huyo alikuwa binti wa kwetu, nami nilikuwa nimemfunga mdomo. Sadock alimwoa msichana mwingine, Nyanzobe, wana watoto watano. Hilo nalo niliwahi kuambiwa nyumbani, Felista akiwa amekaa kando yangu, nikaendelea kula.

Nikafuta machozi, nikamuuliza swali ambalo sijawahi kumuuliza binti yeyote kati ya wale wote.

"Na huyu Boazi? Wewe mwenyewe umeona nini kwake?"

Alijibu polepole, kama anataka kunitendea haki.

"Sijaona kitu, shangazi. Nimekutana naye mara nne, zote mbele za watu. Ananiamkia vizuri. Siwezi kukuambia ni mtu gani." Akasogeza kikombe pembeni. "Sadock ndiye niliyemjua."

"Basi tuwaambie washenga wangoje. Miezi sita, hata mwaka. Umjue kwanza."

"Waje kesho," akasema. "Nimeshangoja miaka kumi na miwili. Huyu nitamjua nikiwa ndani ya ndoa."

Tukaomba maandazi yafungwe kwenye karatasi, tukaenda stendi kutafuta gari la Igamba.