Vitabu vya Chini ya Kitanda

Daktari alimwonya Muhiba juu ya mambo mawili: vumbi na moshi. Moshi hakuwa na la kuufanya, maana jiko lake la makaa ndilo lililowalisha. Kila alasiri alikaanga viazi karai mlangoni pa chumba chao mtaani Huruma, na moshi uliingia ndani bila hodi. Basi hasira zake zote akazimalizia kwa vumbi. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni ya vitabu vikuukuu vya binti yake Rufaida, vyote vya anga za juu: sayari, roketi, wanaanga waliovaa nguo nene kama magodoro. Rufaida alikuwa na miaka kumi na mitatu, na pumu alikuwa nayo tangu utotoni. Haikupita siku bila kuvifungua.

Asubuhi moja, binti akiwa shuleni, Muhiba aliibeba katoni mpaka kwa Luseno, muuza karanga wa pale kona, ambaye hufungia karanga zake kwenye kurasa za vitabu vya zamani. Alimpa bure. Akarudi nyumbani, akapiga deki moyo ukiwa mweupe, akiamini ametenda la mama.

Rufaida aliporudi aliinama kutazama chini ya kitanda. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, Mama," na kwa siku nne hakuongeza neno. Kununiwa na mtoto mpole kunauma kuliko matusi ya jirani, na Muhiba aliumia kila alipogeuza viazi.

Siku ya tano pumu ilimbana kuliko siku zote. Hospitalini walimvisha barakoa ya oksijeni, mpira wake umeunganishwa na mtungi. Hapo ndipo binti alipopata maneno, machache machache, akiisogeza barakoa pembeni.

"Mama, hata wanaanga hupumua hivi. Kwa mtungi. Kile cha jalada la buluu sikukimaliza. Chombo chao kiliharibika njiani. Nataka kujua kama walirudi."

Muhiba akatoka mbio. Luseno aliposikia anachotafuta, alikuna kichwa.

"Aki mathe, si ungesema mapema? Hiyo ya buluu ndiyo nilianza nayo. Karatasi zake zilikuwa poa sana." Akapekua katoni, akampa kurasa tatu. "Zingine watu walishaenda nazo."

Zilikuwa kurasa za mwanzo, pale wanaanga wanapoagana na jamaa zao.

Njiani Muhiba alijitungia uongo mzuri tu, lakini alipoketi ukingoni mwa kitanda aliuacha. Majuto ni mjukuu, na wake alikuwa amelala mbele yake akihema.

"Vitabu nilivitoa mimi, mwanangu. Vimefungiwa karanga. Nilidhani vumbi lake ndilo linalokuumiza. Nisamehe."

Rufaida alizitazama zile kurasa tatu, akazipanga kifuani. Macho yake yalikuwa na utani kidogo, ule wa siku zote.

"Sasa hivi bado nimekasirika," akasema. "Nitakusamehe tukifika nyumbani."

"Basi upone haraka, twende."

"Tutaenda."

Muhiba alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Alimjua mwanawe, hasira zake hazikai. Siku ya pili yake, adhuhuri, pumzi za Rufaida zilikatika.

Nyumbani alifika siku hiyohiyo. Hikma, mdogo wake Muhiba, ndiye aliyeongoza wanawake kumwosha. Jeneza likawekwa uani, chini ya kamba za nguo, na kabla wanaume hawajalibeba kwenda msikitini, Maalim Mujahid alimgeukia mama, kama ilivyo desturi.

"Muhiba, mwanao anaondoka. Kama alikukosea lolote, msamehe, umpe radhi."

"Nimemsamehe," akasema Muhiba. "Nimempa radhi zangu zote."

"Na nyinyi majirani?"

"Tumemsamehe," watu wakaitikia.

Maalim akainua mikono, akaomba dua, akaimaliza. Muhiba alikuwa bado anamkazia macho, akingoja Rufaida naye aulizwe.

Hikma akamgusa bega. "Dada, wanataka kupita."

Muhiba akawapisha.