Maji Chini, Petroli Juu

Saa moja asubuhi Maman Pascaline alipita mtaa wa Nguba na maziwa yake kutoka Mudaka, akamjazia Adolphine jagi moja kama kawaida. Adolphine akammiminia mumewe gilasi, akaiweka mezani kando ya mkate. Guylain alipoishika, maziwa yalijitenga: meupe yakapanda, maji yakabaki chini, na katikati ukasimama mstari ulionyooka. Adolphine aliinama akayapima maji kwa vidole.

"Tatu," alisema. "Jana ilikuwa mbili."

Kesho yake alimzuia Pascaline mlangoni, Guylain akaletewa chupa nzima aishike. Pascaline aliutazama mstari kwa macho makavu.

"Maman, hii ni mvua. Ilininyeshea mu njia."

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki mbili. Tangu siku hiyo Pascaline alipitia barabara ya juu.

Mambo hayo yalianza Guylain akiwa hospitalini, baada ya ndege aliyoirusha kuanguka. Daktari aliyemruhusu aliandika kwenye karatasi ya kutoka: mguu wa kulia unaunga vizuri, vimiminika vinajitenga mkononi, asibebe vizito. Guylain alizoea kunywa chai kwa zamu, kwanza maziwa, halafu majani, mwisho sukari. Majirani walimletea asali na mawese ayashike. Padri, ambaye hakuna aliyemuuliza, alituma neno kwamba divai ya misa haihusiki. Na wageni waliokuja kumpa pole wakaanza kufunika gilasi zao kwa kiganja kila alipowapita na magongo yake.

Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja, mali ya Papa Grégoire, aliyepeleka watu, chumvi na sabuni Shabunda, ambako barabara ilikufa zamani. Kabla ya kuruka, rubani hutoa petroli kidogo chini ya kila tanki, huitia katika gilasi na kuiinua kwenye mwanga. Petroli ya ndege ni ya buluu. Maji hayana rangi, nayo huzama. Rubani hutafuta mstari. Asubuhi ile Guylain aliutafuta asiuone. Gilasi ya tanki la kulia ilikuwa buluu juu hadi chini, naye alikuwa na mafua, hakunusa chochote. Aliruka kwa tanki la kushoto, akafika juu ya msitu wa Mwenga, akahamia la kulia. Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Alirudi la kushoto, lakini injini haikumsikiliza tena. Alishukia kwenye shamba la muhogo. Abiria watatu walitoka kwa miguu yao. Wa nne, mwalimu Lucien, alitolewa amekufa.

Watu wa tume ya kuchunguza ajali walikuja nyumbani na chupa yenye mabaki ya tanki la kulia, wakampa aishike. Palitokea tabaka tatu: juu petroli kidogo sana, katikati maji mengi, chini kabisa unga wa buluu. Adolphine, ambaye kila wiki alifua mashati meupe ya mumewe, hakuhitaji kuufikiria.

"Hii ni bleu ya kufulia."

Mkubwa wa tume aliandika kwamba mabaki yana tabaka tatu. Akaifunga chupa, wakamaliza fanta zao, wakaaga kwa adabu. Ripoti ilipotoka ilisema rubani hakukagua, na Guylain akanyang'anywa leseni.

Guylain alikasirika hadi chakula kikamshinda. Alikumbuka kucha za Patrice, fundi aliyejaza matanki, zilivyokuwa za buluu asubuhi ile, naye akadhani ni baridi. Alijiuliza petroli ya kweli ilikwenda wapi. Wachimba dhahabu wana mashine nyingi, na mashine hizo hazinywi maji. Alianza kumshuku kila mtu, hata mkewe, kwa kuwa bleu aliinunua duka moja na mke wa Patrice. Adolphine alipokwenda sokoni, Guylain alihesabu pakiti za bleu zilizoko jikoni. Zilikuwa mbili, kama alivyomwambia. Aliona haya, lakini kesho yake alizihesabu tena.

Pamoja na hayo yote alitaka kuruka. Mguu ulipopona, kila ndege iliyopita ilimtoa nje, hata kama alikuwa na povu la sabuni kichwani. Mwezi wa saba Grégoire alikuja na karatasi.

"Mutoto yangu, ndege iko nakungojea. Tia sinyatire hapa, bakurudishie lisansi."

Karatasi ilisema: ninakiri kwamba sikukagua petroli. Guylain aliomba siku tatu.

"Nikitia mukono, mwalimu ni mimi nilimuua," alimwambia mkewe.

"Basi usitie."

"Na nitafanya kazi gani? Kushikia batu maziwa?"

Siku ya tatu Grégoire alirudi. Guylain alishika kalamu ya wino akaandika jina lake, na juu ya karatasi yakatoka maji matupu; rangi ilibaki ndani ya kalamu. Grégoire alingoja karatasi ikauke, akatoa kalamu ya risasi mfukoni. Alikuwa amekuja nayo makusudi. Guylain aliandika jina lake lote, polepole, na roho ikamuuma kila herufi.

"Ya risasi inafutika," Adolphine alisema.

"Nitapiga fotokopi, maman."

Siku ya kurudi kazini Guylain alikuta ukutani sharti jipya: gilasi inashikwa na fundi peke yake. Patrice aliishika. Ilikuwa buluu juu hadi chini.

"Safi," Patrice alisema, akaandika safi.

Guylain aliichukua mkononi mwake. Mstari ulisimama, maji nusu nzima. Patrice akageuka kutazama milima. Grégoire, aliyekuwa amesimama kivulini, alisogea akatazama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepata alichotarajia.

"Mwaga ya chini. Ya juu ibakie."

Guylain aliweka viganja juu ya bawa, penye tanki, hadi maji yakashuka, akayamwaga ndoo mbili kwenye nyasi, mbele ya abiria waliokuwa wakingoja na mizigo yao. Akafanya vilevile bawa la pili. Petroli iliyobaki ilitosha kufika Shabunda. Pipa la petroli ya kurudia lilikuwa kulekule, na lilikuwa la Grégoire.

Kwenye kiti cha karibu na rubani alikaa mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani. Hakufunga mkanda.

"Miye ni Rosalie, muke wa mwalimu Lucien. Niko naenda kukamata vitu vyake kule ku masomo kwenye alikuwa nafundisha." Alimtazama mikono. "Ni weye ulikuwa naye?"

"Ni miye, maman."

"Nimeona ile ndoo. Siku yake ilikuwa hivi hivi?"

"Ilikuwa hivi hivi."

"Lakini karatasi inasema ni weye haukuangalia."

"Niliangalia. Ile karatasi nilitia mukono."

"Juu ya nini?"

"Juu niruke tena."

Rosalie aliutazama mlango. Kwa miguu ni siku nyingi za msitu, na humo njiani kuna watu wenye bunduki. Abiria wa nyuma walikuwa wamekwisha kukaa na kuanza kusali. Alishika kitasa, akakiachia, kisha akavuta mkanda akajifunga mwenyewe.

"Basi ruka," alisema. "Lakini usinisemeshe."

Guylain aliwasha injini. Ndege ilikimbia, ikainuka laini juu ya mashamba, na ziwa likafunguka chini yao. Alisikia furaha ikimjaa kifuani, akajaribu kuificha, ikamshinda, na Rosalie akaiona.