Upepo Katika Breki za Tormod

Bomba la breki la gari la Tormod lilipasuka Jumamosi asubuhi, akiwa anaingia langoni kwake. Gari likapitiliza polepole, likaenda kujiegesha kwenye rundo la mboji, ule udongo mkavu unaochomwa huku badala ya kuni.

"Shukuru umegonga mboji," nikamwambia. Mimi ni jirani yake, nyumba zetu zimetenganishwa na ukuta wa mawe tu. "Ungegonga ukuta wangu, saa hii tungekuwa tunakuimbia zaburi."

"Punguza mdomo, lete jeki."

Tukalala chini ya gari. Huku Ness, ncha ya kisiwa cha Lewis, chumvi ya bahari haina adabu. Inaingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Mabomba ya breki ni ya chuma, na yale yalikuwa yameliwa na kutu hata ukiyashika yanamomonyoka kama mkate mkavu. Nimetembea bandari nyingi, sijaona mahali pengine gari linakufa kuanzia tumboni.

Tormod alikuwa na haraka, na haraka yake naijua. Mkewe, Peigi, anatunzwa katika nyumba ya wazee mjini Stornoway. Siku za kawaida Peigi husinzia tu kwenye kiti, umpe chai, umwondolee chai, ni mamoja. Lakini Jumapili huamka. Hukaa wima na kutazama mlango. Nadhani mwili wake bado unaijua Jumapili, Sabato ya huku, hata kama kichwa kimeiacha. Basi Jumapili baada ya ibada Tormod huenda kumwona, akitumaini kwamba leo ndiyo leo, Peigi atamwita kwa jina. Tangu majira ya baridi hajamwita kwa jina wala kwa tusi. Humsalimu kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme.

Kwenye banda lake la kufumia vitambaa Tormod alikuwa na roli ya bomba la shaba. Akakata kipande, akakikunja kwa vidole kufuata umbo la lile la zamani, akaubana mdomo wa bomba kwa kifaa cha kuutanua mpaka ukachanua vizuri kama tarumbeta. Halafu akashika kichwa.

"Nini tena?"

Akanionyesha mezani. Nati ya kufungia bomba ilikuwa imekaa pale, inatutazama. Nati huvishwa bombani kwanza, ndipo mdomo uchanuliwe; mdomo ukishachanua, nati haipiti.

"Fundi mkuu," nikasema.

"Wewe umekaa hapo kama bwana harusi, kwa nini hukusema?"

Tukakata upya. Jua la Oktoba lilipoinama, bomba jipya lilikuwa limefungwa, mafuta ya breki yamejazwa, umebaki upepo tu. Upepo ukibaki ndani ya bomba, unakanyaga breki inazama mpaka sakafuni na gari halisimami. Kuutoa ni kazi ya watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua kinati kwenye gurudumu. Kazi fupi. Tormod akaweka spana chini.

"Basi."

"Basi vipi? Si tumalizie?"

"Viazi sijamenya. Maji sijachota. Viatu sijapiga rangi. Jua likizama vyombo vya kazi viko chini, baba alivyotulea."

"Na kesho?"

Akaingia ndani kwenye viazi vyake. Viazi vya Jumapili humenywa Jumamosi, maana siku ya Bwana kazi ni mwiko. Hilo huku halina mjadala.

Kesho yake, baada ya ibada, nilimkuta amesimama kando ya gari na suti yake nyeusi. Mimi gari sina, na mabasi Jumapili hayatembei.

"Muombe mtu akupeleke," nikasema.

"Nimtoe mtu njiani siku ya Bwana kwa shida yangu? Dhambi yangu nitaibeba mwenyewe, simgawii jirani."

"Kazi ya lazima na ya huruma si inaruhusiwa?"

"Lazima ni ng'ombe akitumbukia kisimani."

"Na mke akitumbukia?"

Alitazama barabara ya mjini. Kisha akapiga goti na suti ile ile. "Haya, panda. Kanyaga."

Nikakanyaga. "Shikilia!" Nikashikilia. "Achia!" Tukaenda gurudumu moja hadi jingine. Tulikuwa kwenye la mwisho alipopita Iseabail, bibi mmoja wa kanisani kwetu, kofia kichwani, Biblia kwapani.

"Tormod! Macho yangu yananidanganya?"

"Naenda kwa Peigi," akasema toka chini.

Iseabail akasimama. "Mbona hukusema. Mimi leo sikuvaa miwani." Akaenda zake, ingawa miwani ilikuwa puani.

Breki zikashika. Tukafika Stornoway. Peigi alikuwa dirishani, amekaa wima, nywele zimechanwa. Tormod akavuta kiti, akampa mkono. Peigi akaupokea kwa heshima, kama mkono wa mgeni. Halafu akauinua, akaunusa. Akaona weusi kwenye kucha.

"Mikono gani hii?" akasema. "Siku ya Sabato? Tormod, umeshika gari tena! Umeingia ndani na viatu hivyo?"

Peigi akatoa leso kwenye mkono wa sweta yake, akaitia mate, akaanza kumsugua kidole kimoja baada ya kingine, akifoka kwa sauti ya chini, kuhusu sakafu, kuhusu watu watasema nini, kuhusu mama mkwe aliyemdekeza. Tormod alikaa ameinamisha kichwa kama mtoto mwenye hatia, na sijapata kumwona mtu akifurahia kutukanwa namna ile.

Ilikuwa dakika chache tu. Leso ikatua magotini. Peigi akatazama mlango.

"Asante kwa kuja," akamwambia Tormod.

Tukirudi, aliendesha taratibu, na mikono hakunawa.

Jumapili iliyofuata nilipopita kumsindikiza, gari lilikuwa zima, halina shida yoyote. Nikamkuta bandani na suti yake, anachovya vidole kwenye kopo la mafuta machafu, anapaka kucha moja moja kwa uangalifu. Alijua nimemwona. Hakuficha.

Tukaenda. Peigi akaunusa mkono, akaurudisha mapajani kwa Tormod, akaendelea kutazama mlango.